Nondo Sita za Ghorofa ya Tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Wifi yako ndiye aliyekukabidhi bahasha hii, kwa hiyo tafadhali mpe kiti na maji kabla hujaendelea kusoma, maana yuko njiani tangu alfajiri na hajazoea safari. Salamu zangu anazo yeye mdomoni, lakini na hapa naziandika. Natumai u mzima, kifua cha binti kimetulia, na mdogo wake ameacha kung'ata kola za mashati. Shangazi naye naamini hajambo. Mwenye sauti kama yake hata maradhi humwogopa. Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, natembea, naitika nikiitwa. Usingizi ndio umenihama, na sababu yake imo humu ndani. Nakuomba ufike mwisho wa barua hata ukikasirika njiani, na utakasirika.

Barua yako niliipata Jumatatu. Wifi yako aliifungua yeye, akanisomea kwa sauti tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akaiweka mbele ya sahani yangu na kutoka chumbani. Umeniandikia kwamba wakili ameshaandaa karatasi za talaka, kwamba utaitwa kutia sahihi Ijumaa, na kwamba shangazi anasema mwanamke mwenye akili zake hazeeki na jina la muuaji. Umeniuliza mimi, kaka yako niliyekulea tangu mama atutoke, kama utie sahihi au usitie. Umesema lolote nitakalokwambia utalifuata. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia hesabu yoyote.

Jibu langu ni usitie. Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungenitii kama ulivyonitii siku zote, ungemwambia wakili akunje makaratasi yake bila hata kujua kwa nini. Lakini safari hii sitaki kutiiwa bure. Vumilia nikueleze jengo lile kama nilivyopaswa kukueleza wiki kumi zilizopita.

Watu wengi wanadhani tetemeko huangusha kuta. Kuta zile nene ulizoziona zikipanda katikati ya jengo, zinazozunguka lifti na ngazi, ndizo zinazolishikilia jengo zima ardhi inapokwenda kushoto na kulia. Sakafu haina ujanja huo. Sakafu ni nzito, na ardhi ikivutwa chini yake inataka kwenda zake. Kinachoizuia ni nondo zinazotoka ndani ya ukuta na kuingia ndani ya sakafu. Wewe ni fundi wa nguo, utanielewa upesi: kitambaa kinaweza kuwa kizuri na uzi mzuri, lakini shati likivutwa huchanika begani, pale mkono uliposhonewa. Kazi yangu kwa miaka kumi na tisa imekuwa bega hilo. Wenzangu wanachora madirisha na baraza. Mimi nachora pale ukuta unapokutana na sakafu, nondo ngapi, nene kiasi gani, ziingie kwa kina gani. Kwa ukali wangu mafundi walinibatiza Bwana Milimita. Nilijifanya nimechukia, ila moyoni nilijivuna.

Kwenye jengo lile kuta zilitangulia. Zege la ukuta linamiminwa ghorofa mbili juu, ndipo sakafu zinafuata nyuma. Sasa nondo za kuunganisha haziwezi kuachwa zimechomoza ukutani, kwa sababu zitazuia mbao za kumiminia zege zisipande. Kwenye ramani yangu ya kwanza niliagiza vikombe vya chuma vyenye hesi, vinavyofichwa ndani ya ukuta. Sakafu ikifika, unaisokota nondo ndani ya kikombe kama unavyosokota balbu. Vikombe vikachelewa. Wiki mbili, tatu, mwezi. Mkurugenzi wetu alinipigia kila asubuhi, kwa upole wake ule unaochoma, akiuliza kama vikombe vyangu vinakuja kwa miguu. Mwisho akasema sakafu ikichelewa tena atampa kazi hiyo mtu mwingine. Nikabadilisha ramani. Niliandika nondo zikunjwe zilale ndani ya ukuta, zifunikwe kwa ubao mwembamba, na ukuta ukishakauka zifukuliwe na kunyooshwa. Njia hiyo ipo na inakubalika kwa nondo nyembamba. Za kwangu zilikuwa za milimita kumi na sita. Chuma kinene ukikikunja kisha ukakinyoosha hakirudi kuwa kile cha mwanzo. Nilijua hivyo, nikajiambia kwamba zikinyooshwa polepole kwa bomba refu zitavumilia.

Mumeo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi nondo. Unajua ni mimi niliyemwombea nafasi ile, na sikuwahi kuijutia. Maneno yake ni ya kuhesabu, lakini kazini alikuwa na tabia moja iliyonifurahisha: kabla ya kushuka jioni alipita akigonga kila fundo la waya kwa koleo lake, hata lililofungwa na fundi anayemwamini. Wenzake walimcheka wakisema anawapapasa kuku aone kama wana mayai. Hakujali. Nilimwamini kuliko mkaguzi yeyote mwenye mihuri.

Siku ya tetemeko ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa ofisini. Makabati yaliinama, watu wakalia, mimi nikakimbia kwa miguu mpaka kwenye jengo letu, kwa maana barabara zilikuwa zimefungwa. Kuta zangu zilikuwa zimesimama wima. Nakuandikia hili kwa aibu: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa fahari. Kisha nikazunguka upande wa nyuma. Sakafu ya ghorofa ya tatu ilikuwa imeachana na ukuta kwa urefu wa mita nne, imeinama na kuangukia zahanati ya meno iliyokuwa imeshafunguliwa chini yake. Watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi wakisubiri zamu zao. Kumi na mmoja walikufa. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu aliyesindikizwa na binti yake. Binti alikuwa ametoka kidogo kununua maji. Sura yake naijua vizuri sana. Vikao vyote vya tume ya uchunguzi alikuja, akakaa mstari wa mbele, hakulia hata mara moja. Alikuwa akinitazama mikono tu.

Waliondoa kifusi kwa siku nne. Kwenye ukuta walikuta visiki sita vya nondo, mikato yake imegandiwa na saruji, maana yake vilikatika kabla zege halijamiminwa, si siku ya tetemeko. Na ndani ya sakafu walikuta nondo sita mpya, nzima kabisa, ncha zake zimekatwa sawasawa pale ukuta unapoanzia. Hazikuingia ukutani hata kwa upana wa kucha. Zilifungwa kwa waya kwenye visiki ili zionekane zimeingia. Mkaguzi alipopita kabla ya zege alihesabu kwa kalamu yake, moja mpaka kumi na nne, idadi ikatimia, akatia sahihi. Ndiyo kazi yake, kuhesabu, na sisi sote tulijua kwamba yeye huhesabu tu.

Yaliyofuata unayajua, uliyaishi. Mumeo aliposimamishwa mbele ya tume alisema ni yeye aliyezifunga kwa mkono wake, kisha akafumba mdomo. Walimwuliza kama aliuza nondo, akatikisa kichwa. Wakamtia mahabusu, na wewe ukaandikiwa matusi mlangoni kwa chaki nyekundu mpaka ukabeba watoto na cherehani ukakimbilia kwa shangazi. Mimi niliitwa siku ya tatu, kama mtaalamu. Nilivaa tai. Nilieleza ramani, nikaonyesha kwamba kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Mwenyekiti akaniuliza kama msimamizi yule aliwahi kunijulisha kwamba nondo zinakatika. Nikasema sikumbuki. Ulikuwa umekaa nyuma yangu siku ile. Niliporudi kwenye kiti ulinishika bega, ukanipa chupa ya maji, ukaniambia pole kaka kwa aibu aliyokuletea. Nikayanywa yale maji.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwona mahabusu. Alhamisi ndiyo siku ya wageni. Kuna chumba kirefu chenye meza moja, wao upande huu, sisi upande ule, na askari anayepiga miayo katikati. Amekonda, na wamemnyoa vibaya. Aliniuliza kwanza habari ya kifua cha binti, halafu akauliza kama mkanda wa cherehani yako umepatikana, maana ulikuwa unalalamika unateleza. Kuhusu wewe mwenyewe hakuuliza neno. Nilimwambia nitazungumza na wakili wake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikiingia humo ndani wewe na watoto mtakuwa hamna pa kuegemea, na kwamba yeye tayari yumo, kwa hiyo haina maana wawili kuozea mahali pamoja. Akaniomba nisikwambie. Alisema ukijua utakuwa umepoteza watu wawili badala ya mmoja. Nami nikamshukuru, mdogo wangu. Nilimshika mkono juu ya ile meza na nikamwambia asante.

Nilipofika nyumbani nilimweleza wifi yako, nikitegemea atanihurumia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele, kisha akasema atanipikia kwa sababu ni mke wangu, lakini hataketi nami meza moja mpaka nimekwambia wewe. Nilidhani ni hasira za jioni moja. Hii ni wiki ya sita nakula peke yangu kama mgonjwa wa kuambukiza.

Bila shaka umeshaanza kunusa. Basi acha nitoe lote.

Ilikuwa Jumanne, mchana, kabla ya zege la ghorofa ya tatu kumiminwa. Mumeo alikuja ofisini kwangu akiwa na kofia yake ya saiti mkononi na gunia begani. Alilitua gunia juu ya meza, juu ya ramani zangu, akatoa vipande sita vya nondo. Alisema vimekatika wakati wa kunyoosha, kimoja baada ya kingine, na kwamba cha mwisho kilikatika kwa sauti kama ya kuni kavu. Alisema tusimamishe zege, tutoboe ukuta, tuingize nondo mpya kwa gundi maalumu, tusubiri ikauke, kisha tuzivute kwa mashine tuone kama zimeshika. Alisema sawasawa yale ambayo ningemwambia mimi kama ningekuwa mtu. Nilipiga hesabu: siku tisa. Magari ya zege yalikuwa yameagizwa kwa kesho yake asubuhi, na mkurugenzi alikuwa ameniahidi mbele ya watu kwamba nikichelewa tena, basi.

Nikamwambia afunge nondo mpya pembeni ya visiki, ili idadi itimie.

Alikataa. Nataka ulijue hilo kuliko yote yaliyomo humu. Alisema nondo hizo hazitamzuia hata paka. Nikamwambia nane zilizobaki zinatosha, nimeweka akiba kwenye hesabu, na kwamba tetemeko kubwa huenda tusilione maisha yetu yote. Hiyo akiba haikuwepo; niliitunga pale pale. Akakataa mara ya pili. Akasema kama ndivyo nimwandikie kwenye karatasi na nitie sahihi. Mimi, Bwana Milimita, ninayedai karatasi hata mtu akibadilisha msumari, nikakataa kuandika.

Ndipo nikakutumia wewe. Nilimkumbusha kwamba alipokuja kukuposa hakuwa na mbele wala nyuma, kwamba ndugu wote walimpinga, shangazi akiwa wa kwanza, na ni mimi peke yangu niliyesimama nikasema huyu namjua, mwacheni aoe. Nikamwambia kama leo hawezi kunisitiri kwa nondo sita, basi nilikosea kumpa dada yangu, na kosa hilo bado naweza kulirekebisha, kwa sababu nikisema neno moja wewe utafuata. Alijua ni kweli. Anakujua, na ananijua. Alinitazama muda mrefu mpaka nikageukia dirishani. Kisha akarudisha vipande kwenye gunia, akasema sawa shemeji, akatoka.

Alizifunga nondo zile ili asikupoteze wewe. Ijumaa hii unataka kumwacha kwa sababu alizifunga. Na ushauri wa kumwacha au kutomwacha unauomba kwangu. Nimejaribu kutafuta namna ya kukuandikia hayo yasiume, sikuiona.

Sitaki umgeuze malaika. Alijua anachokifanya, yule hakuwa mtoto. Angeweza kwenda kwa mkaguzi, angeweza kuniachia kazi yangu na kuondoka. Wale kumi na mmoja wana haki ya kumwuliza hilo, na yule binti wa mwalimu pia. Wakimfunga kwa sehemu yake sitasema wamemwonea. Lakini sehemu yake ni ndogo, na kubwa ni yangu: ramani niliibadilisha mimi, amri niliitoa mimi, na mbele ya tume nilisema sikumbuki nikiwa nakumbuka mpaka rangi ya lile gunia.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mpelelezi nikaeleza yote. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Aliandika ukurasa baada ya ukurasa, akaniuliza namna ya kuandika milimita kumi na sita kwa kifupi, kisha akanipa nisome na nitie sahihi kila ukurasa. Ameniambia niripoti kesho saa mbili nikiwa nimebeba nguo za kubadilisha. Mkurugenzi naye nimempelekea barua yangu ya kuacha kazi, alinipigia, sikupokea. Sijisikii mwepesi, kama watu wanavyosema mtu hujisikia akitubu. Naogopa. Naogopa jela, naogopa zaidi kukutana na mumeo humo ndani na kuulizwa habari za nyumbani.

Sasa nakuomba mawili, ingawa sina uso wa kuomba. La kwanza, Alhamisi nenda kamwone. Wifi yako anajua njia na utaratibu, atakusindikiza na atakaa nje na watoto. Usimpelekee msamaha kama huna. Mwambie tu kwamba umejua, mengine yatakuja au hayatakuja. Baada ya hapo ukitaka kutia sahihi Ijumaa, tia, lakini iwe ni kwa akili yako mwenyewe. Usinifuate mimi tena, wala shangazi. La pili, mweke wifi yako karibu. Hana kosa lolote, na nyumba itakuwa na mwangwi akikaa peke yake.

Nisalimie shangazi, umwambie alikosea mtu wa kumtukana. Wabusu wapwa wangu kwa niaba yangu. Wakikuuliza mjomba yuko wapi, usiwadanganye kwamba amesafiri. Waambie mjomba alimlazimisha baba yenu afanye kitu kibaya, watu wakafa, na baba yenu alipokamatwa mjomba akanyamaza. Waambie hivyo hivyo, kwa mpangilio huo. Binti ni mkubwa wa kutosha kuelewa, na mdogo wake ataelewa akikua. Kama baada ya hapo watakataa kuniita mjomba, usiwalazimishe.

Ni mimi,
niliyekuoza kwa mtu mwema, kisha nikamtishia kwa jina lako,
kaka yako.